Mrudishieni Mzazi Sahani Yake

Barua ya wazi kwa wauguzi na wakunga wa kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania

Ndugu zangu,

Nina ombi moja, nalitanguliza ili msichoke kulisubiri: mama anayenyonyesha asikatazwe mayai, maziwa, samaki, karanga wala maharage eti kwa kuwa mtoto ana vipele, au analia usiku, au kwa kuwa kwenye ukoo kuna mtu mwenye mzio. Katazo la namna hiyo nimelisikia Tanga, nimelisikia Morogoro, nimelisikia kwa jamaa zangu wa Mombasa, na mara nyingi mno linamwondolea mzazi chakula bila kumpa mtoto nafuu yoyote.

Najua halikuanzia kwenu. Bibi zetu walikuwa na makatazo yao kabla zahanati hazijajengwa: mjamzito asile mayai, mzazi asinywe maji ya baridi, maharage yatamtia mtoto mchango. Lakini nawaandikia ninyi kwa sababu neno la bibi mzazi anaweza kulipima na la jirani na la shoga yake, kisha akaamua. Neno la aliyevaa sare halipimwi. Mkisema "acha samaki", samaki anaachwa, na mama mkwe anageuka msimamizi wa katazo.

Mwaka jana binti wa dada yangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Kichanga alipokaribia miezi miwili akatoka vipele vidogo vyekundu shingoni, kifuani na kwenye mikunjo ya mikono. Siku ya kupima uzito mama akavionyesha kliniki. Hakuulizwa vimeanza lini, wala mtoto anavalishwa nini, wala nguo zake zinafuliwa kwa sabuni gani. Aliambiwa ni aleji inayotoka kwenye maziwa yake, akaandikiwa orodha kwa kalamu nyuma ya kadi: mayai, maziwa, samaki, dagaa, karanga, maharage, nyanya. Jioni niliyokwenda kumwona nilimkuta mkekani, mtoto kifuani, mbele yake sahani ya ugali na mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi. Haukuwa na nazi, haukuwa na karanga, haukuwa hata na kitunguu, maana alikwisha kuogopa kila kitu. Alimega tonge, akalishika kidogo, akalirudisha kwenye sahani. "Mama mdogo," akaniambia, "njaa ninayo, lakini hiki hakipiti."

Mtoto alikuwa amevalishwa kofia ya sufu, fulana na sweta, na juu yake kafunikwa shali, katika joto la Tanga la mwezi wa Februari. Ile ilikuwa harara. Tulimvua, tukamwogesha kwa maji ya kawaida, tukamwacha na nguo moja nyepesi, na ngozi ikatulia. Orodha haikufutwa. Mzazi aliendelea nayo kwa miezi, kwa sababu aliyeiandika hakuandika itakwisha lini, na pale nyumbani hakuna aliyejiona ana mamlaka ya kuifuta.

Nirudi kwenye maziwa yenyewe, maana ndani ya katazo hili kuna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolipa nguvu. Chakula cha mama hufika kwenye maziwa yake. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: wanawake 23 wanaonyonyesha walikula kila mmoja gramu 50 za karanga za kukaanga, kisha maziwa yao yakapimwa kwa saa kadhaa. Protini ya karanga ilionekana katika maziwa ya 11 kati yao, karibu wote ndani ya saa mbili. Protini ya maziwa ya ng'ombe iitwayo beta-laktoglobulini, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa, nayo hukutwa katika maziwa ya akina mama wengi wanaokunywa maziwa. Kiasi chake hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiasi hicho kinaweza kumsumbua mtoto mmoja mmoja ambaye mwili wake umekwisha kuikataa protini ile. Kwa watoto walio wengi hakiwadhuru hata kidogo, na kuna dalili kwamba kinawafaa.

Kinawafaa kwa sababu protini hizo haziingii peke yake. Zinafika katika utumbo wa mtoto zikiwa zimefuatana na kingamwili za mama, hasa zile za aina ya IgA, na viini vingine vinavyoituliza kinga ya mwili isishtuke ovyo. Mwaka 2008 kundi la mtafiti Valérie Verhasselt nchini Ufaransa lilionyesha kwamba protini ya yai aliyoivuta panya jike kwa pumzi ilipita hadi kwenye maziwa yake, na watoto walionyonya maziwa hayo wakakingwa na pumu inayotokana na mzio wa protini hiyohiyo. Hao ni panya. Kwa binadamu, mwaka 2018 Wakanada walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 300. Wale ambao mama zao walikula karanga walipokuwa wakinyonyesha, na wenyewe wakaanza kulishwa karanga kabla ya kutimiza mwaka, ni asilimia 1.7 tu waliokutwa na dalili za kinga kuichukia karanga. Pale mama alipokula lakini mtoto akacheleweshwa, walikuwa asilimia 15.1. Pale mama alipojinyima lakini mtoto akapewa mapema, asilimia 17.6. Mama na mtoto walihitaji kula wote wawili.

Maharage tuyaweke kando, maana yanashtakiwa kwa kosa jingine. Gesi inayotokea katika utumbo wa mama haiingii kwenye ziwa. Makapi ya maharage hubaki tumboni mwa aliyeyala. Mtoto wa wiki sita anayelia kila jioni analia kwa sababu umri wake ni wa kulia. Kilio hicho hupanda mpaka karibu wiki ya sita kisha hushuka chenyewe, mama akila maharage au asile. Mzazi akiyaacha wiki ile ile kilio kinapoanza kushuka, mtaa mzima utaapa kuwa maharage ndiyo yalikuwa mchawi.

Katazo hili limekwisha kujaribiwa, tena na nchi zenye uwezo wa kulifuatilia. Mwaka 1998 Uingereza iliwashauri wajawazito na wanaonyonyesha wenye mzio katika familia waepuke karanga. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa ushauri wa aina hiyo, kikaongeza kwamba mtoto aliye hatarini asipewe yai mpaka afike miaka 2, wala karanga na samaki mpaka miaka 3. Wazazi walitii. Mzio wa karanga kwa watoto wa Marekani, uliokuwa asilimia 0.4 mwaka 1997, ulifika asilimia 1.4 mwaka 2008. Mwaka huohuo Wamarekani wakaufuta ushauri wao, na mwaka 2009 Waingereza nao wakaufuta wa kwao. Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio yote yaliyostahili, hayakuona ushahidi kwamba mama kujinyima vyakula hivyo akiwa mjamzito au akinyonyesha kunamkinga mtoto. Yaliona pia kuwa mjamzito anayejinyima huenda asiongezeke uzito inavyotakiwa.

Kilichogeuza mambo ni swali la daktari Gideon Lack wa London. Aliona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga kwa asilimia 1.85, na wenzao wa Israel, wenye nasaba ileile, kwa asilimia 0.17. Tofauti kubwa aliyoikuta ilikuwa sahanini: Israel watoto walianza kula vitafunio vya karanga wakiwa bado wachanga. Akafanya jaribio kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Walipofika miaka 5, kati ya wale ambao hawakuonjeshwa chakula chochote cha karanga, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga, na kwa wale waliolishwa karanga kila wiki ilikuwa asilimia 3.2. Jaribio hilo lilihusu kinywa cha mtoto, halikuhusu sahani ya mama, lakini lilivunja wazo lililolea makatazo yote mawili, kwamba kukiweka chakula mbali ndiko kunakokinga.

Nawaomba basi, mtoto akitimiza miezi sita, mama aambiwe waziwazi kuwa yai lililoiva vizuri, samaki aliyetolewa miiba na karanga zilizosagwa laini ndani ya uji vinaingia tangu mwanzo, kimoja kimoja, bila kusubiri mwaka. Karanga nzima asipewe, itampalia. Mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyewahi kuvimba baada ya kula yai, aonwe na daktari kwanza. Na kama mnataka kumtisha mzazi kuhusu karanga, mtisheni kwa ukungu. Sumukuvu hupita kutoka kwenye nafaka na karanga zilizooza hadi kwenye maziwa ya mama, na sote tunakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivyokufa kwa sumukuvu ya mahindi. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijivu au ladha chungu, itupwe. Hilo ni onyo ambalo lingestahili wino nyuma ya kadi.

Wapo watoto ambao maziwa ya mama huwaletea mzio kweli, na nisingependa barua hii iwafiche. Mtoto ananyonya vizuri, ananenepa, anacheka, lakini kinyesi kina nyuzinyuzi za damu na kamasi, kwa kawaida katika wiki au miezi ya mwanzo. Mwingine ana pumu ya ngozi inayotoa maji, inayomnyima usingizi, isiyosikia mafuta wala dawa. Mwingine anatapika sana na uzito haupandi. Na yule anayevimba midomo au kutoka mabaka mwili mzima dakika chache baada ya kuonja chakula, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Damu inayokuja na homa na kuharisha pia si ya kusubiri, maana hapo tunazungumzia maambukizi.

Katika mji wa Odense, Denmark, watoto 1,749 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Walionyonya maziwa ya mama peke yake wakapata mzio wa maziwa ya ng'ombe walikuwa 9, yaani nusu ya asilimia moja. Sasa sikilizeni lililofuata: mafaili ya wodi ya wazazi yalipofunguliwa, wote 9 walikutwa walipewa maziwa ya kopo katika siku tatu za kwanza, kabla maziwa ya mama hayajajaa. Mwili ulikutana na protini ya ng'ombe kwa wingi mara moja, kisha ukaachwa, kisha ukaikuta tena kwa kiasi kidogo ndani ya maziwa ya mama na kuipigia kelele. Wakunga wangu, ile chupa ya usiku wa kwanza, inayotolewa kwa huruma kwa sababu mama amechoka na dang'a linaonekana haba, ndiyo ya kuzuia kwa nguvu zote, labda pale tu daktari anapoona haina budi. Dang'a ni dogo kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo.

Mkimpata mtoto mwenye mzio wa kweli, aondolewe mama chakula kimoja. Mara nyingi kitakuwa maziwa ya ng'ombe na vyote vinavyotokana nayo: mtindi, jibini, chai ya maziwa, biskuti za maziwa. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Asubiri wiki mbili hadi nne huku akila samaki, mayai, kunde na nyama kama kawaida, na dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao kufidia kalsiamu. Kisha, hapa ndipo wengi tunapoteleza, maziwa yarudishwe. Dalili zikirudi, mmethibitisha, na mtoto aendelee kuangaliwa na daktari. Watoto wenye nyuzi za damu kwenye kinyesi wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka. Zisiporudi, mama ale. Na katika muda wote huo mtoto asiachishwe ziwa.

Nasema hivyo kwa sababu nyuma ya neno "aleji" kuna mtu mwingine anayesubiri, na huyo ni muuza kopo. Uingereza, kati ya 2006 na 2016, maziwa maalumu ya watoto wenye mzio yaliandikwa na madaktari kwa ongezeko la karibu asilimia 500, bila ushahidi kwamba ugonjwa wenyewe uliongezeka kwa kiasi hicho. Jarida la BMJ lilipochunguza mwaka 2018 lilikuta waandishi wengi wa miongozo ya kuutambua mzio huo walikuwa na uhusiano wa kifedha na makampuni yanayotengeneza maziwa hayo. Kwetu mama akishaaminishwa kuwa maziwa yake ndiyo sumu, hatafika kwenye maziwa maalumu, hana fedha hizo. Atanunua kopo lolote la dukani, alitie maji mengi lidumu, na kopo hilo limejaa protini ya ng'ombe ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Tena tupime ukubwa wa matatizo. Afrika Kusini waliwapima watoto wadogo kwa kuwaonjesha chakula chenyewe chini ya uangalizi. Mjini Cape Town mzio wa chakula ulithibitika kwa asilimia 2.5, vijijini Eastern Cape, asilimia 0.5. Sisi si wao, lakini tuna namba zetu: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kila siku. Vitamini A, vitamini za kundi B, madini joto na mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto hupungua katika maziwa mama asipovila. Kalsiamu haipungui, kwa kuwa mwili huichota kwenye mifupa yake. Ukimkataza mama huyo mayai, samaki, maziwa, karanga na maharage kwa pamoja, umemwachia ugali na majani. Mwenye uwezo atabadilisha nyama na matunda. Huyu wa kwangu alibaki na mchicha wa chumvi.

Kwa hiyo mama akija na mtoto mwenye vipele, kabla ya kumuuliza amekula nini, naomba mumvue mtoto nguo mumtazame. Harara hukaa kwenye mikunjo na penye joto. Vijichunusi vya mashavuni vya wiki za mwanzo huondoka vyenyewe. Magamba ya mafuta utosini hulainishwa kwa mafuta na kitana laini. Pumu ya ngozi hutaka mafuta mazito yasiyo na manukato, mara kadhaa kwa siku, na sabuni kidogo. Na mafuta ya karanga yasipakwe kwenye ngozi iliyopasuka, maana protini ikipitia kwenye jeraha hufundisha kinga uadui. Wengi wataishia hapo bila mama kuguswa sahani.

Najua foleni zenu. Najua muuguzi mmoja anapima uzito, anachoma chanjo, anajaza daftari na anajibu maswali ya akina mama arobaini kabla ya saa sita mchana, na kwamba kuandika orodha ni haraka kuliko kumvua mtoto sweta. Ndiyo maana sehemu ya barua hii naielekeza pia kwa wakubwa wenu wa Wizara ya Afya na wa Taasisi ya Chakula na Lishe: wapeni watu hawa ukurasa mmoja wenye picha za vipele vya kawaida na dalili za mzio wa kweli, ubandikwe ukutani karibu na mizani, kwa Kiswahili.

Na hao waliokwisha kuandikiwa, msingoje waulize, hawatauliza. Siku ya mizani ijayo geuzeni kadi mtazame nyuma. Mkikuta orodha isiyo na sababu iliyobaki, ichoreni mstari, mtie sahihi na tarehe, na kama mama mkwe amemsindikiza mwiteni asogee asikie kwa masikio yake, kwa kuwa jioni ni yeye atakayepakua.

Wenu,
Mama mdogo wa mzazi mmoja, Tanga